Magdalena Aliyewasha Taa kwa Maji ya Mfongo

Benchi lile halikuwa benchi hasa. Lilikuwa ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya maganda mawili ya mota zilizokufa, mbele ya duka la Mzee Dhirendra, mtaa wa nyuma ya stesheni ya reli, Moshi mjini. Dhirendra anasuka mota. Mota ikiungua, iwe ya mashine ya kusaga au ya pampu kule Chekereni kwenye mpunga, inaletwa kwake; anaichokonoa waya mweusi wote, anaizungushia waya mpya, inaondoka inanguruma. Kazi aliirithi kwa baba yake pamoja na hasira, ndiyo maana wanamwita Fyuzi. Kila asubuhi Stella anatua jiko lake la mkaa na birika pembeni ya mlango wa duka, anapanga vikombe vidogo na kashata, na wenyewe wanaanza kujaa. Kuna Ndelilio, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, anaitwa Mheshimiwa kwa sababu hakubali jambo bila ushahidi. Kuna Lucky wa bajaji, anaitwa Satelaiti kwa sababu habari zote zinaanzia kwake. Na kuna Sirili. Sirili alisoma mita za umeme miaka thelathini na minne bila kupandishwa cheo hata mara moja. Akastaafu vilevile alivyoingia, na mji mzima unamwita Mita.

Ijumaa ile Sirili alikuja na daftari.

— Oya, Mzee Mita kaja kuandikisha wapiga kura, Lucky akasema.

— Nyamaza wewe. Shikamoo, Mzee Dhiru.

— Marahaba. Daftari la nini? Mita zako si ulirudisha?

Sirili akakaa, akapokea kikombe kwa Stella, akakishika bila kunywa. Akawaeleza. Kesho yake, Jumamosi, Old Moshi kulikuwa na sherehe. Miaka hamsini imetimia tangu Bibi Magdalena awashe taa kwa maji, na shule ya kule inafungua chumba cha sayansi chenye jina lake. Watakuja wakubwa wa wilaya, watakuja wa kanisani, watakuja na wa shirika la umeme. Yeye, Sirili, amepangiwa dakika kumi za kusimulia maisha ya mama yule na kazi zake.

— Wewe? Mheshimiwa akashangaa. Kwa nini wewe, na mainjinia wamejaa?

— Kanitaja mwenyewe.

— Nani?

— Bibi Magdalena. Kamati wameniambia amegoma. Kasema asimame Sirili, la sivyo asisimame mtu.

Stella akacheka. Sirili hakucheka.  Tangu apewe habari ile alikuwa amefungua daftari mara sita, na ndani yake kulikuwa na maneno matatu tu: *Bibi Magdalena alizaliwa*. Hapo kalamu ikawa imesimama. Alijua kwa nini mama yule kamtaja. Jambo lenyewe alikuwa hajamwambia mtu yeyote, hata mkewe, na kesho lingetakiwa lisemwe mbele ya wakubwa wa shirika.

— Nisaidieni, akasema. Kila mtu aseme anachokijua. Mimi naandika.

Angejua, asingefungua mlango ule.

— Andika, Lucky akawahi. Kuna Mjerumani mmoja zamani, kabla hajafukuzwa, alificha sanduku kwenye pango kule juu msituni. Ndani kulikuwa na ramani ya mashine. Bibi akaenda kutafuta kuni, akaliokota. Mchezo ukaishia hapo.

— Ushahidi? Mheshimiwa akauliza.

— Video ipo, Mheshimiwa. Imetazamwa na watu laki mbili.

— Watu laki mbili wakitazama uongo unabaki uongo uliotazamwa. Sirili, usiandike hilo. Andika hivi. Aliyeunda ule umeme ni mume wake, Mwinjilisti Aminieli. Tuwe wakweli. Mama mwenyewe aliishia darasa la nne. Aminieli alikuwa mtu wa vitabu, ana miwani. Mke alisaidia kushika taa.

— Mheshimiwa! Stella akaweka birika chini kwa kishindo. Mimi ni wa kule kule. Mwinjilisti Aminieli hawezi hata kubadilisha betri za redio. Anamwita mkewe!

— Mimi nasema kisheria. Kitu kinaandikwa kwa jina la mwenye nyumba.

Hapo Dhirendra akatoka dukani na nyundo ya mbao mkononi, miwani imepanda kwenye paji la uso.

— Ndelilio! Ulikuwepo?

— Wapi?

— Nakuuliza ulikuwepo? Hukuwepo! Mimi nilikuwepo! Hapa hapa, kwenye kaunta hii, mwaka wa sabini na nne. Unakaa kwenye ubao wangu unanywa kahawa unasema mume!

— Fyuzi imeungua, Lucky akanong'ona.

Dhirendra akakaa. Alikuwa na miaka ishirini na sita wakati ule, akawaambia, anajiona mjanja wa mji. Asubuhi moja akashuka dada mmoja kutoka mlimani kwa miguu, kikapu kichwani. Dhirendra akadhani ni ndizi. Dada akakitua kikapu juu ya kaunta, kaunta ikalia. Ndani mlikuwa na dainamo ya Landrova, imeungua.

— Baba akaitazama, akamwambia, acha, njoo baada ya wiki mbili. Yule dada akasema, sitaki unitengenezee. Nataka nione unavyotengeneza.

— Ee! Stella akasema.

— Baba alicheka mpaka kofia ikamvuka. Na mimi nikacheka. Nikamwambia... Dhirendra akazungusha nyundo mkononi. Nikamwambia, dada, rudi nyumbani ukauze ndizi, hii si kazi ya mikono yako. Nilisema hivyo kwa mdomo huu. Miaka hamsini sasa, nikikumbuka nauma ulimi.

— Akaondoka?

— Aondoke! Akakaa pale kwenye ngazi. Siku sita. Asubuhi anashuka, jioni anapanda. Hasemi kitu, anaangalia vidole vya baba. Siku ya saba hakuja. Ya nane hakuja. Baba akasema, amechoka. Baada ya mwezi huyo, na kikapu kile kile. Dainamo ameisuka mwenyewe. Baba akaifungua, akasema, umekosea. Waya huu mwembamba mno na mizunguko umezidisha, karibu mara tatu. Mnajua alijibu nini?

Benchi zima likamwinamia.

— Akasema, mzee, gari lako linakimbia. Maji yangu yanatembea. Nimezidisha mizunguko ili iamke kwa mwendo wa maji.

Dhirendra akalaza nyundo juu ya ubao. 

— Baba hakusema neno. Akaenda nyuma ya duka, akamwita mama yangu aje aone. Mama yangu! Baba hakuwahi kumwita mama dukani, hata siku waziri alipopita. Wakasimama wote wawili wanatazama zile koili. Halafu baba akatoa roli nzima ya waya wa shaba, akaiweka kwenye kikapu cha yule dada. Mume! Andika, Sirili. Andika mizunguko mara tatu.

Sirili aliandika mpaka mkono ukamuuma. Kumbe hilo hakulijua. Mheshimiwa alikohoa, akasema mahakama imepokea ushahidi wa shahidi wa kwanza, na akaomba kikombe kingine ili afiche uso.

Stella naye akataka zamu yake. Alianza na mfongo, kwa kuwa Lucky alizaliwa Dar na hakuujua vizuri: mfereji waliouchimba mababu, unatoa maji juu msituni na kuyapitisha kihamba kwa kihamba, yaani shamba la ukoo kwa shamba la ukoo, kila nyumba na zamu yake ya kumwagilia migomba na kahawa. Mfongo una wazee wake, na wazee hao hawatanii. Magdalena alipoweka gurudumu lake la mbao kwenye mfongo, na dainamo yake, na mkanda alioutoa kwenye cherehani, wazee walimwita kwenye kikao.

— Walisema umeme unanyonya nguvu za maji, Stella akasema. Yakitoka kwenye mashine yanakuwa maji matupu. Hayana kitu. Migomba itakondeana.

— Hata mimi ningeuliza, Lucky akasema. Nguvu imekwenda kwenye taa, kwenye maji imebaki nini?

— Basi ungekaa na wale wazee. Yeye hakubishana. Akalima vitalu viwili vya maharage, kimoja juu ya mashine, kimoja chini, akasema njooni mwezi wa sita muone. Mama yangu alikuwa anakwenda kila siku kuchungulia. Mwezi wa sita wazee wakaja na fimbo zao. Mnajua ya chini yalikuwaje?

— Yamekauka.

— Yamepanda mpaka juu ya miti! Zizi lake la ng'ombe lilikuwa pale pale, mbolea yote inateremkia kwenye maharage ya chini. Yeye mwenyewe akawaambia, wazee, ni samadi hiyo, si umeme. Hawakumsikia! Wakatoka pale wanasema umeme unarutubisha. Tangu siku hiyo wakawa wanagombania maji yaliyopita kwenye mashine. Mzee mmoja akawa anayachota na kibuyu, anawanawishia wajukuu miguu ili wawahi kutembea.

Wakacheka mpaka mama wa duka la jirani akatoka kuangalia. Na kicheko kile ndicho kilichomfungulia Lucky mlango tena.

— Sasa nimekumbuka ile ya kweli. Yule bibi alipigwa na radi akiwa bado tumboni. Mama yake akapona, yeye akatoka na chaji. Ndiyo maana hata leo simu yake haiishi betri.

— Huo ni utoto, Mheshimiwa akasema. Mambo yana chanzo chake kisayansi. Mimi nimefikiri sana jambo hili. Tazameni mlima.

Wote wakatazama. Mlima ulikuwa umejianika asubuhi ile, mweupe kileleni, haujajifunika hata wingu moja.

— Juu nini? Barafu. Chini yake, ndani, nini? Moto. Baridi upande mmoja, joto upande mmoja. Hasi na chanya. Ule mlima, ndugu zangu, ni betri.

— Mheshimiwa!

— Ni betri kubwa kuliko zote Afrika. Na mfongo unatoka juu unashuka chini. Mama yule alichofanya ni kuweka globu katikati.

— Na sisi huku Moshi mjini?

— Sisi ni waya.

— Mtu anitolee huyu kwenye ubao wangu! Dhirendra akapiga kelele. Ushahidi! Kila siku ushahidi! Leo ni betri!

Lucky alikuwa amelala ubavu kwenye ubao, machozi yanamtoka. Sirili naye alicheka, akalisahau daftari kwa dakika nzima. Kisha Mheshimiwa, ili ajinasue, akamgeukia.

— Na wewe, Mita, unatutoa sisi kijasho tu. Miaka thelathini na minne umekuwa mtu wa umeme. Hukuwahi kufika kwake?

Kicheko kikapungua kidogo kidogo. Sirili akatazama lile daftari. Akaona kwamba kama hawezi kulisema hapa, kwenye ubao, mbele ya watu wanaomtania kila siku, kesho hatalisema kabisa.

— Nilifika, akasema. Mwaka wa themanini na sita. Nilitumwa nikaung'oe.

— Ukang'oe nini?

— Umeme wake.

 Stella akamtazama kama vile hamjui.

Ulikuwa mwaka wake wa kwanza kazini, akaeleza. Wakati huo Magdalena alikuwa ameshapeleka waya kwenye nyumba kumi na nne na zahanati. Mtu mmoja akapeleka maneno ofisini kwamba kule mlimani kuna mwanamke anazalisha umeme bila kibali, nguzo zake ni miti ya migrivilia, ataua watu. Bosi akaandika barua, akamkabidhi Sirili koleo na mfuko: panda, kata waya zote, mashine ilete hapa. Mwezi wa saba, ukungu hadi magotini. Alifika saa kumi na moja jioni.

— Nikamkuta yumo ndani ya mfongo, maji yamemfika mapajani, anashika kilango cha mbao cha kupunguza maji. Nikampa barua. Akaisoma palepale majini. Akanirudishia, akasema, sawa, baba, kazi ni kazi. Ila zahanati kuna mama anajifungua mapacha. Ukikata sasa, uende ukamshikie muuguzi tochi.

— Ukakata? Lucky akauliza. Sauti ya utani ilikuwa imemtoka.

— Nikasema nitasubiri. Nikakaa. Mtoto wa kwanza akatoka, tukasikia analia. Mara taa ikaanza kunywea. Huko juu kuna mtu amefungua zamu yake, maji yamepungua. Mama akaniita, njoo, shika hapa, mimi nipande nikamwambie afunge. Kabla sijajibu ameshatoka majini, amekwenda. Nimebaki na kilango mkononi.

Sirili aliinua mkono wa kuume, akauonyesha, kama bado umekishika.

— Taa ya zahanati naiona kwa mbali, dirishani. Ikinywea, nafungua kilango, maji yaingie. Ikichachamaa itake kuunguza globu, nabana. Nafungua, nabana. Maji yale ni barafu iliyoyeyuka, ndugu zangu. Miguu nikaacha kuisikia. Barua ya kuung'oa iko mfukoni, na mimi ndiye ninayeuendesha. Karibu saa nzima na nusu. Mtoto wa pili akatanguliza miguu, wakahangaika naye, lakini akatoka. Nilimsikia. Nikalia na mimi, palepale kwenye mfongo, peke yangu.

— Mae! Stella akasema, mkono mdomoni. Halafu akashtuka. Themanini na sita? Mimi nimezaliwa themanini na sita, zahanati ile ile!

— Ni wewe! Lucky akaruka. Mzee Mita, ni Stella huyu!

— Mwezi gani? Sirili akauliza.

— Wa nne.

— Ah. Mimi nilikwenda wa saba.

— Tena sina pacha, Stella akasema, na wote wakaangua kicheko kile cha watu waliotaka kulia.

Sirili akaendelea. Magdalena aliporudi, hakumsifu wala hakumshukuru. Alisimama ukingoni muda mrefu anamtazama anavyofungua na kubana. Akasema, mkono wako unafanya kazi moja tu, juu na chini. Kazi hiyo hata ndoo inaiweza. Ndipo akampeleka jikoni, akampa bakuli la mtori wa ndizi, na huku Sirili anakunywa anatetemeka, mama yule anachora kwa kipande cha mkaa sakafuni: ndoo yenye tundu, imefungwa kamba kwenye kilango. Maji yakizidi, ndoo inajaa, inakuwa nzito, inabana. Yakipungua, ndoo inavuja, inakuwa nyepesi, kilango kinafunguka. Baada ya wiki mbili akaifunga. Mifongo mingapi sasa ina ndoo ile? Watu wametoka hadi Himo na kuvuka mpaka kuja kuiiga.

— Kwa hiyo ile ndoo, Dhirendra akasema polepole, ni mkono wako.

— Mimi nilishika tu. Aliyeona ni yeye.

— Na ripoti? Mheshimiwa akauliza. Uliandika nini kwenye ripoti?

Hilo ndilo lililomlaza Sirili macho wiki nzima.

— Niliandika: *Nimekagua kijiji chote. Sikukuta waya wala nguzo ya shirika.*

Mheshimiwa akafumba macho, akayarudia maneno yale kimoyomoyo, kama anaonja kitu.

— Ya shirika, akasema. Hazikuwa za shirika.

— Hazikuwa.

— Basi ni kweli tupu. Kila neno.

— Bosi aliniuliza, na mashine iko wapi? Nikamwambia, niliona maji. Na koleo? Nimelisahau. Nilikuwa nimemwachia mama. Bosi hakunifukuza. Alichukua faili langu akaliweka chini ya mafaili yote, na bosi aliyekuja akalikuta chini, akaliacha chini. Sasa mnajua kwa nini nilisoma mita mpaka nikazeeka.

Hakuna aliyesema Mita. Lucky alikuwa anaangalia viatu vyake. Ni yeye aliyekuwa na vichekesho vingi kuliko wote kuhusu cheo cha Sirili.

— Kesho watakuwepo wa shirika, Sirili akasema. Nina pensheni yangu ndogo. Nikaona nisimulie maisha yake, hapo pa themanini na sita niparuke.

— Usiruke! Stella akasema.

Mheshimiwa akasimama. Alipenda kusimama akitoa maneno ya mahakama, lakini mara hii sauti haikuwa ya maigizo.

— Sirili, nimeandika hukumu za watu miaka ishirini na tisa. Pensheni ya mtu hainyang'anywi kwa sababu alisubiri mtoto azaliwe. Nitakaa mstari wa mbele kesho, na koti langu la zamani la mahakamani nitalivaa kama lipo. Yeyote akikuuliza kitu, aanze na mimi.

Na Dhirendra, ambaye hajawahi kummiminia mtu kahawa tangu benchi lile lianze, akachukua birika mkononi mwa Stella, akamjazia Sirili kikombe mpaka kikafurika.

Kuanzia hapo kalamu ikakimbia. Kila mtu akawa anasoma begani kwa mwenzake, anasahihisha. Andika siku sita kwenye ngazi. Andika maharage. Usiandike betri. Andika betri kidogo, watu wacheke. Andika ukungu ulifika magotini. Kurasa tano zikajaa, ikawa ya sita.

Hapo ndipo Bhumi alipotokea, mjukuu wa Dhirendra, begi mgongoni, ameshuka kwenye basi la usiku kutoka Dar. Anasomea uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu, amekuja likizo.

— Shikamooni, wazee. Babu, mbona duka halina mtu?

— Marahaba, marahaba! Kaa hapa. Acha duka. Sikiliza kitu. Sirili, msomee!

Sirili akasoma. Alisoma kwa sauti, bila kukohoa, tangu darasa la nne mpaka kwenye mfongo wa mwezi wa saba. Sehemu ya ripoti aliisoma akiwa amenyoosha mgongo. Alipomaliza, Bhumi alikuwa amekaa chini kwenye lami, mikono imekumbatia magoti.

— Koili za mwendo mdogo, akasema. Darasani tumefundishwa mwaka huu. Yeye aliziona kwenye ngazi ya duka letu. Akatikisa kichwa. Wazee, nina swali moja. Ile taa ya kwanza kabisa, moja, kabla ya zahanati na majirani. Aliiwasha ili aone nini?

— Aone nini vipi? Lucky akauliza.

— Mtu akiwasha taa anataka kuona kitu. Yeye amehangaika mwaka mzima. Alikuwa anataka kuona nini?

Wakatazamana.

— Kupika, Mheshimiwa akajaribu.

— Mpaka leo anapikia jikoni gizani, Stella akasema. Anasema mkono unajua sufuria.

— Kusoma.

— Alikuwa anasomea kibatari tu, hata akaunguza pazia, mama kanisimulia.

 Lucky akatoa simu, akaandika, akasogeza kidole juu, akasogeza tena, na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, Satelaiti akasema:

— Huku hakuna kitu.

Sirili akapekua kurasa zake sita kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mizunguko ilikuwepo, ndoo ilikuwepo, mapacha walikuwepo. Hilo halikuwepo. Miaka thelathini na nane amemjua mama yule, amekunywa mtori wake, na hajawahi kumuuliza.

Akatoa simu yake ya vibonyezo, akapiga, akaweka sauti ya nje.

— Halooo! Mama yule akapokea kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya korongo.

— Shikamoo, mama. Ni Sirili.

— Marahaba, mwanangu! Usije ukaniambia hauji.

— Nakuja, mama. Nakuja na benchi zima. Nina swali hapa, limetushinda. Taa yako ya kwanza, uliiwasha ili uone nini?

 Kisha wakasikia mama yule anacheka. Alianza taratibu, akazidi, akawa anapumua kwa shida, na wao huku, bila kujua sababu, wakaanza kucheka naye.

— Miaka hamsini, akasema. Wamekuja waandishi, wamekuja maprofesa. Wananiuliza volti. Sikiliza. Mume wangu alikuwa mwinjilisti, unajua, mtu mzito, hata harusini anakaa kama yuko ibadani. Lakini jioni akienda kumfunga ng'ombe, kule kwenye migomba, kwenye giza, nilikuwa namsikia miguu. Anaimba chini kwa chini, na miguu inakwenda: ti-ti, tii. Ti-ti, tii. Nilimsikia miaka minne, Sirili. Sikuwahi kumwona. Nikienda na kibatari, anakiona kwa mbali, anaacha. Nikasema, hapa inatakiwa taa inayowaka ghafla.

Stella alikuwa ameshika mkono wa Bhumi bila kujua.

— Nikafunga globu kwenye mgomba, waya nikaufukia. Jioni nikasubiri miguu ianze. Nikaunganisha. Ikawaka, mwanangu! Akaganda pale, mguu mmoja juu, kamba ya ng'ombe shingoni kama skafu. Akaitazama taa. Akanitazama mimi. Akasema, imewaka? Nikasema, imewaka. Akasema, basi sogea hapa mbele uone vizuri. Akaendelea kucheza.

Nyuma yake kwenye simu ikasikika sauti ya mzee, kali, inakaribia.

— Magdalena! Unamwambia nani?

— Namwambia Sirili.

— Kesho kutakuwa na askofu!

— Nimeshasema.

Ikasikika simu inagombaniwa, kikombe kikaanguka mahali, kisha pumzi nzito ikaja karibu.

— Sirili? Mimi Mwinjilisti Aminieli.

— Shikamoo, baba mwinjilisti.

— Marahaba. Umeandika?

— Bado, baba. Nikikatazwa, siandiki.

 Benchi zima likasogea karibu na simu.

— Andika, akasema. Lakini andika kwamba nilikuwa najua kucheza.